Jina la Mwanahawa kwenye Kesi ya Shemeji

Asubuhi ya Jumanne Mwanahawa alikuwa barazani kwake, mjini Kasulu, anashona sare za shule. Mvua za Novemba zilikuwa zimeshika. Watu walipita mbele ya nyumba na majembe begani, miguu imejaa udongo mwekundu, wanakwenda kupanda maharage.

"Mwakeye, Mama Shamsi!"

"Mwakeye! Za kwenu?" aliitikia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

Zamani wangepita. Siku hizo walisimama. Uchaguzi wa mwaka 2015 ulikuwa umepita wiki mbili, na kata nzima ilikuwa haijatulia. Huyu anasema kura ziliibwa. Yule anasema hazikuibwa, watu wamekuchokeni. Wanawake wawili waliochota maji pamoja miaka kumi walikuwa hawasalimiani.

Kwa Mwanahawa jambo lilikuwa karibu zaidi. Nurudini, kaka mkubwa wa mumewe, ndiye aliyegombea udiwani. Alishindwa kwa kura thelathini na nane. Nurudini alikuwa na mashine ya kusaga karibu na soko. Tangu matokeo yatangazwe, mashine ile ilisaga maneno kuliko mahindi.

Saa nne akaja Bazilio. Huyu alikuwa mtu wa Nurudini wa kampeni, mwenye miguu myepesi na sauti kubwa. Mkononi alishika karatasi na wino wa kuwekea dole gumba. Mzee Tharsisi, jirani wa ng'ambo ya njia, alikuwa amekaa barazani anasubiri suruali yake iwekwe kiraka.

"Wazazi wangu, jina na sahihi," alisema Bazilio. "Asiyeandika, dole."

"Safari hii blanketi ni la rangi gani?" aliuliza Mzee Tharsisi. Wote wakacheka.

Walikuwa na sababu ya kucheka. Kwa miaka mingi, kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipokuwa wazi, mashirika yalifika mpaka kwa wenyeji wa jirani. Uliandika jina, ukapewa blanketi. Uliandika jina, ukapewa mbegu, au sabuni, au jembe. Kambi ilifungwa mwaka 2012, lakini mazoea yalibaki. Mtu wa pale akiona karatasi yenye mistari, mkono ulitangulia na macho yakafuata baadaye.

"Si blanketi, mzee," alisema Bazilio. "Tunakwenda mahakamani kupinga matokeo. Wanatakiwa wapiga kura watano. Wawili nimeshawapata."

"Na gharama?" aliuliza Mzee Tharsisi.

"Gharama ni za chama. Na tukishinda serikali inarudisha yote. Ninyi ni majina tu."

Mwanahawa alitaka kusoma. Alikuwa na darasa la saba na alisoma vizuri, ila polepole. Lakini Bazilio alikuwa amesimama, kalamu imenyooshwa, na aliyetajwa ni shemeji mkubwa. Shemeji aliyesimamia ndoa yake. Shemeji aliyewapa mahindi mwaka wa ukame. Utamwambia ngoja kwanza nisome?

Akasaini. Jina lake likawa la tatu. Mzee Tharsisi akaweka dole, akawa wa nne.

Kesho yake Bazilio alirudi. Alitaka namba ya kadi ya kupigia kura. Mwanahawa akamtolea. Kisha Bazilio akatazama nyumba, akatazama migomba ya uani.

"Kiwanja hiki hati yake ina jina la nani? La mumeo Gharibu?"

"Langu. Aliniachia marehemu baba. Kwa nini?"

"Wakili anauliza tu. Anataka kujua kama walalamikaji wana mali. Mambo ya dhamana."

Mguu wa Mwanahawa ukasimama juu ya cherehani.

"Walalamikaji ni akina nani?"

"Si ninyi?"

"Jana ulisema sisi ni majina tu."

"Mama Shamsi, usianze!" Bazilio alicheka, lakini macho yake yalikimbilia njiani. "Jumatatu tunaipeleka, mambo yanaisha."

"Basi niachie kivuli cha hiyo karatasi. Baba Shamsi atataka kuiona."

Bazilio akasita. Alikuwa na nakala mbili. Akamwachia moja, akaondoka haraka.

Mwanahawa alisoma, kidole kikifuata mstari. Juu kabisa paliandikwa MALALAMIKO YA UCHAGUZI. Chini yake, Mlalamikaji wa Kwanza. Wa Pili. Halafu akajiona mwenyewe: Mlalamikaji wa Tatu. Alitafuta jina la Nurudini tangu juu mpaka chini. Alilikuta katikati ya maelezo, kama mtu anayesimuliwa. Kwenye orodha ya walalamikaji halikuwepo.

Akampigia simu mumewe. Gharibu alikuwa Kibondo tangu wiki iliyopita. Kambi ya Nduta ilikuwa imefunguliwa tena kwa ajili ya Warundi, na maharage yalikuwa yanatafutwa kama dawa.

"Baba Shamsi, nimesaini karatasi ya kaka yako. Sasa wananiuliza hati ya kiwanja."

"Kiwanja cha nini? Ongea kwa nguvu, kuna lori hapa!"

"Hati! Wanasema dhamana!"

"Sasa si kaka yangu? Utamkataa kaka yangu?"

"Sijamkataa. Nimeuliza."

"Basi usiulizeulize, Mama Shamsi. Watasema mke wangu ndiye aliyemwangusha mara ya pili."

Simu ikakatika. Hakujua kama ni mtandao au ni Gharibu aliyeikata.

Adhuhuri ilipoingia alitandika mswala akasali. Katikati ya sala hakukumbuka kama amesali rakaa tatu au nne. Akaongeza moja kwa kuhofia, akasujudu sijda ya kusahau. Hata alipotoa salamu, moyo ulikuwa bado unatembea. Akakunja karatasi, akajifunga mtandio, akaenda sokoni kwa Firdausi.

Firdausi aliuza vitenge. Lakini watu walimjua zaidi kwa kazi yake ya pili. Alikuwa amesomea usaidizi wa kisheria, na siku mbili kwa wiki aliwasaidia watu wenye mashauri ya mirathi, ndoa na mashamba, bila malipo. Alikuwa mdogo kwa Mwanahawa kwa miaka kumi.

"Dada, mbona umekuja kama umefukuzwa?" alimpokea.

"Sijui kama nimefukuzwa au nimejifukuza. Soma."

Firdausi alisoma mara mbili. Hakucheka.

"Dada, hii kesi ni ya nani?"

"Ya shemeji."

"Hapana. Kwa karatasi hii, kesi ni yako. Yako, ya Mzee Tharsisi na ya hawa watatu."

"Mimi sikugombea!"

"Si lazima uwe umegombea. Sheria inamruhusu aliyepiga kura naye kupinga matokeo. Ni haki nzuri. Lakini ukiichukua haki hiyo, unaichukua na mzigo wake. Kaa kwenye hili robota la vitenge nikueleze."

Mwanahawa akakaa.

"Kesi ya uchaguzi ina gharama za mara tatu," alisema Firdausi. "Kwanza, kabla haijasikilizwa. Mahakama inataka anayelalamika aweke fedha ya dhamana ya gharama, kwa kila anayelalamikiwa. Hapa mnamlalamikia diwani aliyetangazwa na msimamizi wa uchaguzi, na naona yumo na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Asiye na uwezo anaweza kuiomba mahakama impunguzie au imsamehe, lakini ni kuomba. Si kwamba amekwisha kusamehewa."

"Ndiyo maana ya hati?"

"Huenda. Pili, kesi ikiendelea. Wakili wenu mnamlipa ninyi. Mashahidi wenu mnawasafirisha ninyi. Na upande wa pili nao wanalipa wao."

"Na tatu?"

"Tatu ndiyo inayouma. Hukumu ikitoka, kawaida aliyeshindwa anaamriwa kulipa gharama za aliyeshinda. Si lazima kila mara. Hakimu anaweza kusema kila upande ubebe zake. Lakini hakuna anayejua mapema atasemaje."

"Bazilio anasema serikali inarudisha."

"Serikali hairudishi kwa sababu tu umekwenda mahakamani. Mkishinda, mahakama inaweza kuwaamuru walalamikiwa wawalipe gharama zenu. Mkishindwa, watakaodaiwa ni waliomo kwenye orodha hii."

"Na chama?"

"Chama kikitaka kuwasaidia, kitawasaidia. Lakini mahakama haitakwenda kugonga mlango wa chama ambacho hakimo kwenye kesi. Itakuja kwa Mlalamikaji wa Tatu. Asipolipa, aliyeshinda anaweza kuiomba mahakama ikamate mali yake."

Mwanahawa aliona migomba ya baba yake. Aliona cherehani inatolewa barazani, majirani wamesimama.

"Nimejimaliza," alisema.

"Bado. Imeshapelekwa mahakamani?"

"Jumatatu."

"Basi hujachelewa. Mwambie wakili na mwambie Nurudini, mbele ya mashahidi, kwamba umeondoa jina lako. Andika barua, saini, baki na nakala. Ikishafunguliwa hutaweza kujitoa kimyakimya. Utaomba ruhusa ya mahakama, na hata kujitoa huko kunaweza kukugharimu."

Mwanahawa alisimama. Firdausi akamshika mkono.

"Ila usitoke hapa ukasema Firdausi anakataza watu kwenda mahakamani. Mwenye ushahidi aende, tena awahi, maana ni siku thelathini tu tangu matokeo yatangazwe. Kaulize wana ushahidi gani. Kila kituo, wakala wa mgombea anapewa nakala ya fomu ya matokeo. Ziko wapi?"

Alhamisi Mwanahawa aliandika barua yake. Aliirudia mara tatu mpaka maneno yakakaa sawa. Akamweleza Mzee Tharsisi kila neno aliloambiwa. Mzee alitazama ng'ombe wake mmoja aliyefungwa nyuma ya nyumba.

"Kumbe blanketi hili ni la kufunikia wengine," alisema mwishowe. "Lakini mimi siwezi kumwambia Nurudini. Sema wewe, mwanangu. Mimi nitasema 'ego', ndiyo."

Ijumaa baada ya sala watu walikusanyika kwa Nurudini. Gharibu alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Kibondo, nguo zimejaa matope. Njia nzima kutoka nyumbani hakusema na mkewe.

Sebuleni walikaa wanaume tisa na wanawake watatu. Nurudini alikaa mbele, kanzu nyeupe, macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. Wakala mmoja alisema wizi. Mwingine alisema wizi mkubwa. Bazilio akasimama.

"Kituo cha shuleni ndicho walichotumalizia! Pale wametupita kura sabini na mbili. Haiwezekani! Jumatatu tunawafungulia kesi, mpaka waombe maji!"

Watu wakapiga makofi. Mwanahawa alikuwa amekaa karibu na mlango. Alisoma bismillahi moyoni, akainuka.

"Shemeji, naomba kusema."

Gharibu akainamisha kichwa.

"Sema, shemeji," alisema Nurudini.

"Mimi nilikupigia kura, na ningekupigia tena leo. Lakini jina langu naliondoa kwenye kesi. Barua hii hapa. Nakala ya wakili nimempelekea asubuhi."

"Yoo!" alisema mtu. Mwingine akasema, "Wamemnunua huyo!"

"Kaninunua nani?" Mwanahawa aligeuka. "Kama nimenunuliwa, mbona nimekuja kwa miguu kwenye matope?"

Mmoja akacheka, akajizuia.

Nurudini alisema polepole, "Shemeji, hata wewe? Nilikukosea nini?"

Neno lile lilimchoma kuliko matusi. Karibu akae chini. Lakini alikuwa ameshasimama.

"Hujanikosea. Nimeelezwa kwamba tukishindwa, tunaoweza kuamriwa kulipa ni tuliomo kwenye orodha. Mimi na kiwanja cha baba yangu. Mzee Tharsisi na ng'ombe wake. Wewe humo. Je, ulijua?"

"Chama kitalipa. Nimeahidiwa."

"Umeandikiwa?"

Nurudini alimtazama Bazilio.

"Ego," alisema Mzee Tharsisi kutoka pembeni, kwa sauti ndogo. "Na dole langu pia litoke."

Bazilio akaruka. "Hawa wanaogopa! Mahakamani ni haki yetu!"

"Ni haki yetu," alisema Mwanahawa. "Basi haki hiyo aiandike mwenye nayo. Shemeji, andika jina lako liwe la kwanza. Uweke mashine yako iwe dhamana. Sisi tutakuja kutoa ushahidi wa tulichokiona, na nauli yangu nitajilipia. Lakini tuone kwanza tunapeleka nini. Fomu ya kituo cha shuleni iko wapi?"

Watu wakatazamana. Aliyeinua kichwa alikuwa Gharibu.

"Ndiyo, kaka," alisema. "Fomu iko wapi? Wakala wa pale alikuwa nani?"

Kila mtu alijua. Wakamtazama Bazilio.

"Fomu... hawakunipa," alisema Bazilio.

"Ulinyimwa, au hukuwepo?" aliuliza Nurudini.

"Nilikuwepo! Nilikuwepo mpaka saa kumi na moja. Mvua ikaanza. Halafu nikapigiwa simu kwamba pilau imeshaiva mashineni. Mimi nilijua tumeshinda! Nikasema niwahi, nitarudi..."

Hakuna aliyecheka. Kila aliyekula pilau ile alitazama mikono yake.

"Kwa hiyo hukuona kura zikihesabiwa," alisema Nurudini.

"Sikuona. Lakini waliongeza, kaka! Lazima waliongeza!"

"Labda waliongeza," alisema Gharibu. "Labda hawakuongeza. Hatutajua kamwe, kwa sababu mtu wetu alikuwa anakula."

Nurudini alivuta karatasi ya malalamiko, akachukua kalamu. Juu ya jina la Mlalamikaji wa Kwanza palikuwa na nafasi. Akaweka ncha ya kalamu pale. Akaandika herufi moja, N. Kalamu ikasimama. Nje mtu alikuwa anafukuza mbuzi kwenye mahindi, akipiga kelele.

"Kesho nitaonana na wakili," alisema Nurudini. "Peke yangu. Nendeni."

Wakati wa kurudi, Gharibu alitembea mbele, mkewe nyuma. Walipofika darajani akasimama kumngoja.

"Ungeniambia hivyo kwenye simu," alisema.

"Kwenye simu ulikuwa na lori."

Gharibu akatikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu afike, alitabasamu kidogo.

Lakini raha haikuja siku ile. Jumatatu ikapita. Mwanahawa akisikia pikipiki, anachungulia, akidhani ni mjumbe wa mahakama. Siku ya thelathini ikafika, ikapita nayo. Nurudini alikutana naye njiani mara mbili, akapita kama anapita mti. Watu wengine wakamwita msaliti. Alishona, akasali. Bazilio alihamia Buhigwe kufanya biashara ya mawese. Mzee Tharsisi peke yake ndiye aliyekuja kila asubuhi na kibuyu cha maziwa, akakiweka barazani.

Mwanzoni mwa Desemba Mwanahawa alibeba mahindi kwenda kusaga. Angeweza kwenda mashine nyingine, lakini alikataa kuzunguka kama mwizi. Alipanga foleni na wenzake. Nurudini mwenyewe alikuwa anapima, nyusi zimejaa unga.

Mteja mmoja, mpenda maneno, akamwuliza kwa sauti ya kushinda mngurumo, "Mheshimiwa, ile kesi yetu iliishia wapi?"

Nurudini alizima mashine. Watu wakasogea.

"Iliishia kwangu," alisema. "Wakili aliniuliza nina fomu, nina mtu aliyeona? Sikuwa navyo. Akaniambia, ukitaka tunafungua, ila jina ni lako na mashine ni yako. Nikaenda kulala. Ajabu ni kwamba yalipokuwa majina ya wenzangu, niliona kesi ina nguvu kama radi. Nilipotaka kuandika la kwangu, nikaona matundu yote."

"Kwa hiyo umesamehe?"

"Sijasamehe. Miaka mitano ijayo nikigombea, kila wakala wangu atakaa kituoni mpaka apewe nakala ya fomu mkononi. Na pilau haitapikwa mpaka zifike zote."

Wateja wakacheka, na yeye akacheka nao kidogo. Kisha akageukia foleni. Akamwona Mwanahawa na debe lake. Akapangusa unga usoni kwa kiganja.

"Shemeji," alisema, "lete hilo debe. Ni zito, utaumia."